Na Mimi Nisuke, Mama

Jumamosi ni siku ya kusuka nyumbani kwetu Ujiji. Natandika mkeka uani chini ya mwembe, naweka chanuo na kichupa cha mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, na binti yangu anakaa kati ya magoti yangu akilalamika kabla hata sijamgusa. Jumamosi moja ya mwaka 2019 nilikuwa nimemaliza kumsuka mtindo wa twende kilioni, akaruka kwenda kucheza. Sijakung'uta hata khanga, kichwa kingine kikaja kukaa palepale. Kilikuwa cha mdogo wake, kitinda mimba wangu, mtoto wa kiume wa miaka 4. Akasema, "Na mimi nisuke, mama."

Nilicheka, nikamwambia wavulana hawasukwi. Hakubisha. Alikaa tu ameinamisha shingo, kimya, akingoja, kama mtu anayejua kwamba zamu yake imefika. Nilipomsukuma aondoke aligeuka akanitazama usoni, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtoto anayeomba maji: "Mimi si mvulana."

Neno hilo nimelibeba miaka yote hii. Naliandika leo kwa sababu nasikia watu wakibishana kuhusu watoto kama huyu, redioni, barazani, kwenye makundi ya simu, na wengi wao hawajawahi kukaa na mmoja magotini. Jina lake silitaji. Ni lake, na akishakua ataamua mwenyewe kama anataka lihusishwe na habari hizi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Watoto wa miaka 5 waliopita mikononi mwangu sasa ni mamia, na michezo yao naijua. Mvulana anajifunga khanga anakuwa mama, anabeba gunzi mgongoni na kulibembeleza. Msichana anakuwa nahodha wa mtumbwi wa mabua na kuwafokea wavuvi wake mpaka sauti inakauka. Wiki inayofuata wamebadilishana. Hiyo ni utoto, haina maana nyingine, na mzazi anayekimbia hospitali kwa sababu mwanawe amecheza na mwiko ningemwambia arudi nyumbani apumzike. Kwa hiyo mwanzoni nilijipa moyo. Nilisema, huyu naye atacheza, atachoka.

Kilichonitia hofu hakikuwa khanga. Ni kwamba mchezo ulipokwisha, yeye hakutoka ndani yake. Wenzake wakiitwa kula hutupa khanga chini wakakimbilia sinia. Mwanangu alivuliwa analia, kilio cha mtu anayevuliwa nguo mbele za watu. Alianza kukataa kuoga mchana. Na siku jino lake la kwanza lilipolegea, alikuja jikoni akaniuliza kama na sehemu yake ya siri itang'oka vilevile, na lini. Nilikuwa nasonga ugali wa muhogo. Niliacha mwiko ukiwa umesimama ndani ya sufuria, nikatoka nje.

Nasikia wakisema mambo haya yameletwa na intaneti, kwamba ni ya Wazungu. Nyumba yetu wakati ule haikuwa na televisheni, na simu yangu ilikuwa ya kitochi. Wanaosema hivyo waje wanieleze yalipitia mlango gani kuingia uani kwangu.

Nikianza kuhesabu makosa, langu ndilo kubwa, lakini wacha niyaseme kwa mpangilio yalivyokuja.

La kwanza lilitokea chuoni, kwenye madrasa. Wasichana walikuwa wakikaa upande wa dirisha, wavulana upande wa mlango. Mwanangu akawa anakwenda kukaa dirishani. Ustadhi alimhamisha mara tatu. Mara ya nne alitumia bakora. Mtoto alirudi na michirizi mapajani, akasimama mbele yangu akingoja niseme kitu. Nikamwambia, "Si umejitakia?" Sikwenda kumwuliza ustadhi chochote. Niliona haya kuliko nilivyoona uchungu, na hilo ni jambo ambalo bado naliombea msamaha katika kila swala.

Shuleni ikawa mistari ya asubuhi. Mwalimu wa zamu anapuliza filimbi, wavulana huku, wasichana kule, na mwanangu anabaki katikati kama nguzo ya bendera. Shule hiyo si ninayofundisha mimi, lakini utaratibu naujua: kanuni ya mwaka 2002 inasema viboko visizidi vinne, na mtoaji awe mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa ruhusa yake kwa maandishi. Mwanangu alipigwa na yeyote aliyekuwa na fimbo mkononi, na idadi hakuna aliyehesabu. Mimi mwalimu mwenzao nikanyamaza. Neno ambalo watoto walianza kumwita mtaani sitaliandika hapa. Mliolelewa uswahilini mnalijua.

Kisha mama mkwe wangu akaja kukaa nasi. Huyu bibi anampenda mjukuu wake kwa dhati, sitaki mtu amsome vibaya. Alisema mtoto ameingiwa na jini la kike, akamleta mzee wa kuandika kombe. Aya ziliandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikasuuzwa kwa maji, na mtoto akanywa asubuhi saba mfululizo, kabla ya uji. Alikunywa bila kulazimishwa, mpaka tone la mwisho. Asubuhi ya saba alipomaliza alimrudishia bibi sahani akamwuliza, "Sasa nitakuwa msichana leo au kesho?"

Bibi hakujibu. Alichukua ile sahani akaenda kuiosha, na hakuzungumzia tena habari ya jini.

Halafu kosa langu. Ilikuwa mwaka 2022, amefika miaka 7. Baba yake alikuwa na wageni, wanunuzi wa dagaa kutoka Tabora, wanaume wanne wamekaa sebuleni. Mtoto akatokea mlangoni. Alikuwa amebandika nyuzi nyeusi za kusukia kichwani, moja moja, kwa gundi aliyoikoroga mwenyewe kwa unga wa muhogo. Zilikuwa zimenyooka vizuri mpaka mabegani, lazima zilimchukua asubuhi nzima. Alikuwa anatabasamu. Wageni wakatazamana, mmoja akakohoa. Baba yake akainamisha macho chini.

Nilimshika mkono nikamtoa nje, nikachukua wembe, nikamnyoa kipara. Sikumpeleka hata nyuma ya nyumba. Nilimnyoa palepale uani, dirisha la sebule likiwa wazi, ili wale wanaume waone kwamba mimi ni mama ninayejua kulea. Hakulia. Alikaa kati ya magoti yangu ameinamisha shingo, vilevile kama siku ile aliyoniomba nimsuke.

Baada ya hapo hakusema neno kwa siku tisa. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto aliyekuwa ameacha tangu ana miaka 3. Kila asubuhi ya shule alitapika. Alikonda mpaka kola ya shati ikawa inamzunguka shingoni. Siku ya kumi dada yake alikuja kuniambia, kwa kunong'ona, kwamba mdogo wake amemwuliza kama watu waliokufa huwa wanapewa mwili mwingine.

Ndipo nilipompeleka hospitali. Ningependa kusema nilikwenda kwa sababu ya busara. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kumzika.

Kwetu jambo hili likitajwa, kitu cha kwanza kinachowajia watu ni huntha, mtoto wa jinsi mbili. Hata mimi nilikwenda na wazo hilo, tena niseme ukweli, nikilitumaini, maana huntha ana mlango katika vitabu vyetu vya fikihi na watu humwonea huruma. Daktari alimchunguza kwa adabu, akamfunika, akatuma kipimo cha tumbo na damu. Majibu yaliporudi aliniambia mwili wa mwanangu hauna hitilafu. Alinieleza kwamba wapo watoto wanaozaliwa na maumbile yasiyo wazi. Kwa mfano tezi zilizokaa juu ya figo zikitoa homoni za kiume kupita kiasi mimba ikiwa changa, msichana anaweza kuzaliwa akadhaniwa mvulana. Hilo ni suala la mwili, lina vipimo, na mengine yana dawa ambayo mtoto akiikosa anaweza kufa. La mwanangu ni jingine. Jinsi yake ni ya kiume bila shaka yoyote. Kinachomuumiza ni jinsia, namna anavyojijua ndani. "Mwanao hana jinsi mbili, mama," alisema. "Ana dhiki."

Alinisomea kwenye kompyuta yake. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walibadilisha jina la hali hii mwaka 2013. Zamani iliitwa kasoro ya utambulisho wa jinsia; sasa inaitwa dhiki ya jinsia, jina linalotaja dhiki yenyewe, kwa maana kwamba kinachotibiwa ni maumivu ya mtoto, si mtoto. Kwa mtoto mdogo wanataka waone dalili 6 kati ya 8, zikae si chini ya miezi 6, na ziwe zinamuumiza au zinamvurugia maisha. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, liliiondoa hali hii kwenye kundi la magonjwa ya akili, na kwa watoto linataka iwe imedumu karibu miaka 2. Kuvaa khanga tu hakutoshi. Kucheza na wasichana tu hakutoshi.

Alipoona namtazama kalamu nikingoja aandike dawa, aliiweka chini. Akasema kwa umri huu hakuna dawa, si hapa Kigoma tu, hata huko kwenye hospitali kubwa duniani. Mtoto ambaye hajakaribia balehe hapewi homoni wala hapasuliwi. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyauliza: analala saa ngapi, anakula na nani, rafiki yake ni nani, ni nani anampiga. Nilijibu yote mpaka hilo la mwisho. Nilitazama sakafu. Mwanangu ndiye aliyejibu, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kutoa sauti mbele ya mgeni. Alinyoosha kidole akawataja kwa zamu, ustadhi, walimu, watoto wa mtaani. Akafika kwangu, akashusha mkono, hakunitaja.

Nilijua kubishana kwa dunia kuhusu watoto hawa kupitia dada mmoja Mkongomani niliyefahamiana naye kambini Nyarugusu, Kasulu, nilipokuwa nikijitolea huko kabla ya kuajiriwa. Familia yake ilihamishiwa Marekani, wako Nashville, katika jimbo la Tennessee. Nilipopata simu nzuri tukawa tunaongea usiku, kwake mchana. Nilipomfungulia moyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Da yangu, huku batu banagombana juu ya batoto aba mpaka ku tribinali."

Na kweli walikuwa wakigombana. Mwaka 2023 jimbo lao lilitunga sheria ya kukataza dawa za kuzuia balehe na homoni kwa walio chini ya miaka 18 wanaotaka kuishi kwa jinsia nyingine. Wazazi wakashtaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 18 Juni 2025 majaji 6 dhidi ya 3 wakaiacha sheria isimame. Lakini dada yule alikuwa ananihadithia habari ya mtoto wa jirani, wa darasa la pili, aliyeanza kuitwa jina jingine shuleni. Nikamwuliza: huyo wa darasa la pili sheria inamgusaje? Hatukupata jibu. Hana balehe ya kuzuiwa. Vita yote ile ilikuwa inapita juu ya kichwa chake, kama mawe wanayorushiana watu wazima uani huku mtoto yuko katikati anachezea udongo.

Jambo moja katika maelezo yake lilinichukua muda kulielewa. Kumbe sehemu kubwa ya ugomvi wao ni viwakilishi. Kiingereza kina neno la mwanamume na neno la mwanamke, ukimtaja mtu lazima uchague. Kwetu ni "yeye" tu. Amekuja, amelala, anaumwa, na hakuna anayejua ni wa kike au wa kiume mpaka uongeze neno. Mwanangu hakuwahi kuniomba "yeye" nyingine. Aliomba mstari mwingine asubuhi, upande mwingine chuoni, na zamu kwenye mkeka wangu.

Nilisoma kila nilichoweza, mengine nikisaidiwa na mdogo wangu anayekijua Kiingereza kuliko mimi. Kwa watoto wadogo swali linalowagawa wataalamu ni moja: mtoto akisema mimi si mvulana, je, abadilishiwe jina na nguo na aishi hivyo, au asubiri? Tafiti za zamani, za kliniki za Toronto na Amsterdam, zilionyesha kwamba wengi wa watoto waliofikishwa kwao walipobalehe dhiki ile iliwatoka, na sehemu kubwa yao wakawa watu wazima wanaovutiwa na watu wa jinsi yao. Wanaozipinga wanasema zilichanganya: walihesabiwa humo watoto waliopenda tu michezo ya upande wa pili, ambao hata siku moja hawakusema wao ni wa jinsi nyingine. Kisha mwaka 2022 Kristina Olson wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake wakatoa matokeo ya watoto 317 waliobadilishiwa jina na namna ya kutajwa wakiwa bado wadogo. Baada ya wastani wa miaka 5, asilimia 94 walikuwa wangali vilevile.

Takwimu hiyo ilinikosesha usingizi, kwa sababu inasomeka kwa njia mbili. Mmoja atasema: mnaona, watoto walikuwa wanajijua tangu mwanzo. Mwingine atasema: mtoto aliyeitwa binti na shule nzima kwa miaka 5, njia ya kurudi ataipata wapi? Uingereza walimpa Hilary Cass, daktari bingwa wa watoto, kazi ya kupitia ushahidi wote. Watoto na vijana waliopelekwa kwenye huduma yao walikuwa wameongezeka kutoka chini ya 250 mwaka 2011/12 hadi zaidi ya 5,000 mwaka 2021/22, na wengi wa hawa wapya walikuwa wasichana waliokwisha fikia balehe. Ripoti yake ya Aprili 2024 ilisema ushahidi wa dawa za kuzuia balehe ni dhaifu, na kwamba kumbadilishia mtoto mdogo jina na mavazi nako si jambo lisilo na athari. Wazazi wamwone mtaalamu mapema kabla ya kuamua. Finland na Sweden zilikuwa zimetangulia kukaza masharti ya dawa kwa vijana. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walichukua msimamo tofauti tangu 2018, wa kumkubali mtoto jinsi anavyojieleza.

Niliyatafuta yote hayo nikitaka mtu aniambie mwanangu atakuwa nani. Hakuna aliyeniambia, na siku hizi nawaamini zaidi wale wanaokiri kwamba kwa mtoto mmoja mmoja hakuna awezaye kutabiri. Lakini nilipowasoma wanaopingana, kuna kitu nilikiona kwa pande zote mbili na kikanichoma. Sikumwona mmoja anayependekeza bakora, wala wembe mbele ya wageni. Sisi tulikuwa tumeanza na vitu ambavyo wao hawakuona hata haja ya kuvijadili.

Kwa hiyo nikabadilika, polepole, na si kwa uzuri. Nilimtoa kwenye chuo kile. Mzee mmoja wa msikiti wa mtaani kwetu, nilipomweleza kwa kuzungukazunguka, hakuniuliza maswali mengi. Alinikumbusha kwamba Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka 10 tangu akiwa mdogo na katika miaka hiyo hakuwahi kumsikia akimwambia hata "uff". Akasema mlete, nitamfundisha mwenyewe barazani. Anasoma naye mpaka leo, wawili tu, hakuna dirisha wala mlango.

Shuleni nilikwenda, safari hii kama mwalimu mwenye kanuni mkononi, nikaongea na mkuu wa shule faraghani. Sikumweleza yote. Nilisema mtoto wangu amekuwa akiugua, daktari amekataza asipigwe. Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilitosha. Nyumbani tukakubaliana: ndani ya ua wetu akitaka khanga atavaa khanga, akitaka kumsuka dada yake atamsuka, akitoka nje ni kaptula. Nilimweleza kwamba si kwa sababu khanga ni mbaya, ni kwa sababu nje siwezi kumlinda. Najua nilichokuwa namfundisha. Namfundisha mtoto kujificha, na kujificha nako kunakula. Ila nilipima na wale watoto wenye mawe pale kona ya mtaa, nikachagua.

Sikumpa jina la kike. Hakuliomba, nami sikutaka kumtangulia. Sikumwambia pia kwamba yatapita. Alipouliza nilisema, "Sijui, baba. Tutaona pamoja." Mara ya kwanza kulitamka hilo ulimi wangu ulikuwa mzito, maana mama wa Kiswahili hafundishwi kumwambia mtoto sijui. Yeye alipumua kwa nguvu, akalala. Miezi michache baadaye godoro likaanza kuamka kavu.

Baba yake ndiye alikuwa nje ya yote haya. Ana mtumbwi wa dagaa, anashukia mwalo wa Kibirizi. Anaondoka jioni, anarudi asubuhi na macho mekundu kwa mwanga wa taa, analala mpaka alasiri. Siku za mbalamwezi, dagaa wasipokuja kwenye taa, ndizo alizokuwa baba. Kisha mwaka 2024 nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zikakubaliana kulipumzisha, na upande wetu uvuvi ukafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu. Ilikuwa miezi ya shida, tulikula muhogo na mawese mpaka wanangu wakasahau mgebuka unafananaje. Lakini mume wangu alikuwa nyumbani mchana kutwa, hana pa kwenda, na kwa mara ya kwanza akamwona mtoto wake.

Alikuwa anatengeneza nyavu uani. Mtoto akasogea, akakaa mbali kidogo, akaangalia. Siku ya pili akasogea zaidi. Siku ya tatu alishika kipande kilichochanika akaanza kukifunga, na baba yake akasimamisha mikono yake akawa anamtazama. Vidole vilikuwa vinakwenda haraka, vinavuta, vinazungusha, vinakaza, fundo baada ya fundo, sawa kwa sawa. Mvuvi wa miaka 20 hafungi vile.

"Mikono hii umejifunzia wapi?"

"Kwenye nywele za dada."

Mimi nilikuwa jikoni, nikaacha kupepeta. Mume wangu alikaa muda. Sijui alikuwa anafikiria wale wageni wanne, au kile kipara. Kisha akaivuta ile nyavu, akamsogezea mtoto upande wa pili, akamwambia, "Basi shika huku." Wakafunga mpaka Magharibi. Usiku, tukiwa tumelala, aliniambia gizani kwamba siku ile ya wembe yeye ndiye alipaswa kusimama. Sikujibu kitu, nilitafuta mkono wake.

Sasa mtoto ana miaka 11. Ni mwaka wa pili huu hajasema tena kwamba si mvulana. Majirani wananipongeza, wanasema amepona, dua zimejibiwa. Nawaitikia kwa adabu, lakini moyoni siwaungi mkono, kwa sababu sijui kama lile jambo limemtoka au amejifunza tu kufunga mdomo, na mimi mwenyewe ni mmoja wa waliomfundisha kuufunga. Tafiti zinahesabu walioacha kusema. Hakuna dodoso linalofika kwenye mkeka wangu. Anacheka siku hizi, anakula, ana rafiki mmoja wa kweli, anashika nafasi za juu kwenye hesabu. Akiwa mvulana tu mwenye mikono mizuri, alhamdulillahi. Akija kuniambia siku moja kwamba ni lile lile, atanikuta nimekaa. Daktari alisema nimrudishe kabla ya balehe, si kwa ajili ya dawa, ambayo siitafuti, bali kwa sababu balehe ndipo dhiki hii inapoweza kuondoka au kuja na nguvu mpya, na asiingie humo peke yake. Nimeshaweka pembeni nauli na pesa ya kumwona daktari.

Jumamosi iliyopita nilikuwa namsuka dada yake, ambaye sasa ni msichana mkubwa. Yeye alikuwa kando yangu akinipangia nyuzi, ananipa moja moja kabla sijaomba. Ghafla akauliza, bila kunitazama:

"Mama, na sauti yangu itakuja kuwa nene kama ya baba?"

Zamani ningekuwa na jibu mdomoni. Nikamwuliza, "Wewe ungependa iweje?"

Alifikiri kwa muda mrefu, anazungusha uzi kwenye kidole, anaukunjua. Dada yake naye alikuwa ametulia tuli, hata kulalamika ameacha.

"Sijui," akasema. "Ila uniambie kabla haijaanza."

Nikamwambia nitamwambia. Akanipa uzi mwingine.